Kufundisha Tektoniki ya Mabamba Juu ya Ufa Wenyewe



Mada yangu ni ombi kwa idara za jiolojia za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afikishwe Bonde la Ufa kabla hajakariri aina tatu za mipaka ya mabamba. Tumezoea kumwanzishia kwa picha za California, Iceland na Himalaya, naye huufikia ukuta wa bonde lake mwishoni mwa masomo, fedha zikipatikana.

Nadharia ya tektoniki ya mabamba imejengwa na watu walioisoma miamba papo hapo. Alfred Wegener alipotoa hoja mwaka 1912 kwamba mabara yanahama, wengi walimkataa kwa kuwa hakuweza kueleza nguvu inayoyasukuma. Alexander du Toit wa Afrika Kusini, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora ramani za miamba, alimtetea katika kitabu cha mwaka 1937 kwa kulinganisha miamba ya pande mbili za Atlantiki ya Kusini. Ushahidi uliokata shauri ulitoka chini ya bahari katika miaka ya 1960.

Sasa tusimame chini ya ukuta wa Ziwa Manyara. Upande wa kaskazini mwanafunzi atakuta miamba ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, michanga kwa kipimo cha jiolojia. Akielekea kusini atakuta miamba geu ya Ukanda wa Msumbiji, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Lazima atauliza kwa nini ardhi imepasuka hapa na si kwingine. Jibu liko magharibi mwake: kratoni ya Tanzania, pande nene na gumu lenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ufa umeshindwa kulikata, ukalizunguka kwa matawi mawili. Tawi la magharibi ndilo lililochimba Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Vipimo vya GPS vinaonyesha kwamba kipande kilicho kati ya matawi hayo, bamba dogo la Victoria, kinajizungusha kinyume cha mwendo wa saa. Mchoro wa kitabuni wenye mishale miwili inayoachana hausemi hayo.

Tukio ambalo ningependa kila mhadhiri alifundishe ni la Julai 2007. Matetemeko mfululizo yalianza karibu na mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron. Kubwa kuliko yote, la tarehe 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilisikika hadi Arusha na Nairobi. Rada za setilaiti zilionyesha kwamba magma ilijipenyeza wima ndani ya ardhi, ikaitanua, lakini haikufika juu. Septemba mwaka huohuo, jirani yake, Ol Doinyo Lengai, ulilipuka kwa kishindo. Ndio mlima pekee hai duniani unaojulikana kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, yenye joto la nyuzi 500 na kitu tu. Hapo mwanafunzi anaelewa kuwa wastani wa kutanuka kwa ufa, milimita chache kwa mwaka, hauna maana ya mwendo wa taratibu usiokatika. Ardhi hukaa kimya miaka mingi, kisha huachia kwa siku chache.

Na hesabu hiyo ya milimita ina kazi. Machi 2018 ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na habari zikaenea kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Kwa milimita 2 kwa mwaka, uwazi wa mita 10 unahitaji miaka 5,000. Wanajiolojia wengi waliochunguza walieleza kwamba mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu laini ya volkano yaliyojaa chini. Kijana wa mwaka wa kwanza aliyeushika udongo ule angeweza kumweleza jirani yake vizuri.

Majirani hao wanahitaji maelezo. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 liliua watu na kubomoa nyumba Bukoba. Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilifika kwenye kingo za Goma. Anayetakiwa kushauri mahali pa kujenga ni mhitimu wetu.

Najua gharama za basi, mafuta na posho. Ndiyo maana napendekeza vyuo vyetu viungane kuandaa kambi moja ya pamoja kila mwaka kati ya Manyara na Natron, kila mwanafunzi akiwa na nyundo, dira na daftari, na vipimo vya GPS vya ukanda huu vitumike katika mazoezi ya darasani. Naomba semina hii isifungwe bila kuteua watu wa kuandika andiko la kambi hiyo na bajeti yake.