Miezi Saba Katika Nyumba ya Magurudumu

Wanaosema nanyi leo ni mtu na mkewe, wazee wawili wa hapa Machakos. Mmoja wetu alifundisha shule ya msingi, mwingine alikuwa muuguzi, na sote wawili tumekwisha kustaafu. Msituulize ni nani kati yetu aliyesema hili au aliyesema lile katika habari hii. Kabla ya kuja studioni tulipatana kwamba tutasema "sisi" tu, maana kosa lililomo ni letu sote.

Mwaka 2022, tangu Juni mpaka Desemba, tuliishi ndani ya gari. Si kwamba tulikosa nyumba. Nyumba tunayo, tena kubwa kupita haja yetu sasa kwa kuwa watoto wameshika njia zao. Tulikuwa tumenunua matatu kuukuu ya viti kumi na vinne. Fundi mmoja wa mjini aliving'oa viti, akatuwekea kitanda, kabati, meko ya gesi, na juu ya paa tangi la maji la lita 60. Mlango wa nyuma ukifunguliwa juu ndio uliokuwa kibaraza chetu. Tukaenda kukaa katika hifadhi moja ya wanyama huko tambarare, upande wa reli, tukajitolea kazi bila mshahara. Watoto wa shule walipotuona wakaliita gari letu Kobe, na hatukuweza kubisha, maana lilikwenda kama kobe pia.

Ndugu zetu wengine walisema tumerukwa na akili. Mzee hutoka kwenye gari akaenda nyumbani, walisema, hatoki nyumbani akaenda kukaa garini. Sisi tulikuwa tumesoma katika Mambo ya Walawi sura ya 23, jinsi Waisraeli walivyoagizwa kukaa vibandani siku saba kila mwaka, hata wale waliokwisha kujenga nyumba za mawe. Siku zote tulidhani ni sikukuu ya furaha tu. Baada ya mwezi mmoja ndani ya Kobe tulijua kwamba kibanda ni shule ngumu. Lita 60 za maji ni kunywa, kupika, kuosha vyombo na kunawa miguu. Asiyejua kuhesabu vikombe atajifunza. Na mkikosana hakuna chumba cha pili cha kwenda kununia. Mtu hulala ameukabili ukuta wa bati, na mwenzake anasikia kila pumzi yake. Mtayakumbuka maneno hayo mbele kidogo.

Wengi wenu mmepita tambarare za Athi na Kapiti mkienda Mombasa, nanyi hamkugeuza shingo. Lakini nyika ile ina habari nyingi. Mwezi wa Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka garimoshi katika stesheni ya Kapiti, na kambi ya hema ilikuwa ikimngoja. Katika safari yake nzima ya Afrika yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na ulimwengu ukamsifu. Siku zile zile, Mkamba aliyeshika upinde wake katika nyika ya babu zake alihesabiwa kuwa mwizi kwa sheria ya uwindaji ya serikali ya kikoloni. Tunalitaja jambo hili kwa sababu tulikuja kuulizwa habari zake, na hatukuwa na jibu zuri.

Zamani nyumbu na punda milia walikwenda na kurudi kati ya nyika hiyo na Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, wakifuata mvua. Leo njia zao zimekatwa na barabara, viwanda na viwanja vilivyozungushiwa seng'enge. Waliobaki hukaa katika vipande vya ardhi ambavyo wenyewe wamekubali kuwaachia. Kazi yetu ilikuwa ndogo tu. Asubuhi tulisaidia kujaza mabirika ya maji, tukawahesabu twiga na kongoni na kuandika daftarini, na mchana tuliwapokea watoto wa shule. Siku mbili kila juma tulitembea na askari wa wanyama kutafuta mitego.

Mtego wenyewe ni waya mwembamba, kitanzi chenye ukubwa wa kichwa cha swala, umefungwa kwenye shina la mgunga mahali wanyama wanapopita kwenda kunywa. Wengine hutumia waya wa breki za baiskeli, wengine huchomoa uzi katika seng'enge ya jirani. Hauna sauti. Hauchagui dume wala jike mwenye mimba. Mnyama akivuta, unakaza. Na aliyeutega huenda asirudi, pengine kwa kusahau mahali, na waya utabaki pale ukingoja, maana hauli wala haulali.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame, nanyi hamjausahau. Wizara ya utalii ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba walikufa tembo 205, nyumbu 512 na punda milia wa kawaida 381 katika nchi yetu, bila kuwataja wengine. Nyumbu hao ni hesabu ile ile ya Roosevelt, mtatusamehe kulisema. Watu nao waliona njaa. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Basi mitego ikaongezeka.

Jumapili tulikuwa tukisali na ushirika mdogo ulio karibu na hifadhi, kanisa la mabati lenye watu kama arobaini. Mzee mmoja wa kanisa alitupenda sana. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti alitualika nyumbani kwake, akatupa isyo na nyama. Ilikuwa nyama tamu, nyeusi kidogo, isiyo na mafuta. Tulishangaa kuona nyama katika mwaka kama ule. Lakini mgeni hamwulizi mwenyeji alikoipata. Tulikula tukashiba, tukaomba Mungu aibariki nyumba ile. Tulipokuwa tukiondoka, tuliona jinsi alivyolifunga lango lake kwa waya. Aliusokota mara tatu, akaukunja, akaugonga kwa jiwe mpaka ukawa bapa. Hatukufikiri lolote.

Siku ya Jumanne tulikuwa korongoni. Mmoja wetu alitangulia kidogo, akamkuta swala pala jike amelala, shingo imekatwa na waya mpaka ndani, na udongo umechimbwa na kwato zake pande zote. Alikuwa amekufa usiku ule. Tukainama kuufungua waya kwenye shina. Umesokotwa mara tatu, umekunjwa, umegongwa bapa.

Hatukusema neno. Yule askari aliyekuwa nasi alikuwa mbali upande wa pili wa korongo, hakuliona shina lile. Tuliutia waya mfukoni.

Usiku ule Kobe alikuwa mdogo kuliko siku zote. Mmoja wetu alisema, ni lazima twende kwa mkuu wa hifadhi asubuhi. Tumepewa kazi, na sheria ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Mwenzake akasema, nasi tuliokula je? Wa kwanza akajibu, tulikula bila kujua. Mwenzake akamwuliza, "Kweli hukujua? Nyama nyeusi, mwaka wa njaa, nyumba isiyo na mbuzi hata mmoja?" Basi tukanyamaza. Tuliomba kila mtu peke yake, na hilo lilikuwa halijatupata kwa miaka thelathini na minane ya ndoa yetu.

Asubuhi tulifungua Mathayo 18, pale Bwana anapoagiza kumwendea ndugu kwanza ninyi kwa ninyi. Tukaona tumepata njia. Tunataka kuwaambia kwa unyofu, wasikilizaji, kwamba tuliipenda sura hiyo siku ile kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni Neno la Mungu. Ya pili ni kwamba ilituruhusu kungoja. Mzee alikuwa amesafiri kwa ndugu zake, tukaambiwa atarudi Jumamosi. Tukangoja siku nne, na waya tukauficha chini ya godoro.

Jumamosi tukamwendea. Tuliuweka waya mezani bila kusema kitu. Akautazama, kisha akatutazama sisi.

"Mwalimu, nawe Mama," akasema, "siku ile mliomba Mungu aibariki nyumba hii. Leo mmekuja kuichukua baraka yenu?"

Tukamwambia tumekuja kama ndugu. Akaketi, akasema mengi, wala hakupaza sauti. Alisema pofu walivunja ua wake wakala mahindi aliyoyamwagilia kwa ndoo, tone kwa tone. Alijaza fomu ya fidia, na huo ulikuwa mwaka wa pili hajasikia neno. Binti yake wa kidato cha tatu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Babu yake alifungwa kwa ajili ya mshale, na wageni wakipiga picha miguu yao ikiwa juu ya simba. "Ninyi mna pensheni," akasema. "Mmekuja kupiga kambi. Mkichoka mtawasha gari. Mimi nyumba yangu haina magurudumu."

Neno lile lilitukata. Tulikuwa tumejisifu mioyoni kwamba tumeacha mali tukakaa kama Ibrahimu hemani, na huyu ndugu akatuonyesha kwamba hema yetu ilikuwa na funguo za kuondokea. Tulijaribu kumjibu. Yule wetu aliyekuwa muuguzi alimweleza habari za kimeta, maana mzee alikiri kwamba nyama nyingine aliiuza kwa mtu anayeipeleka Nairobi kama ya ng'ombe, na nyama isiyopimwa yaweza kuua nyumba nzima. Hilo lilimgusa. Habari za Roosevelt tuliziacha, maana alikuwa na haki. Tulimwambia mambo mawili tu. Kwamba swala yule alihangaika usiku kucha. Na kwamba kesho yake tutamwendea mkuu wa hifadhi kuungama yetu wenyewe, ya kula na ya kuficha, na kwamba tungependa yeye awe pamoja nasi.

Alikuja. Hatukumtazamia, lakini tulipofungua mlango alfajiri alikuwa amesimama kando ya Kobe na kofia mkononi.

Mkuu wa hifadhi alitusikiliza wote watatu. Mzee alidhani atakayekemewa ni yeye, lakini hasira ya kwanza ilitushukia sisi. Akaenda ofisini kwake, akarudi na daftari, daftari lile lile tulilokuwa tukiandika hesabu ya twiga. Siku ya Ijumaa, askari walikuwa wamemkuta mtoto wa punda milia katika korongo lile lile, amekufa katika waya uliosokotwa mara tatu. Tulikuwa hatujaambiwa. Kama tungalisema Jumanne, korongo lingalisafishwa Jumatano. Mama yake alisimama pale hata jioni, alisema, wakashindwa kumfukuza.

Tangu siku ile, tunaposoma Ayubu sura ya 39, Mungu anapomhoji Ayubu juu ya wanyama wa mwitu na kuzaa kwao, tunaisoma kwa sauti ndogo.

Kuhusu mzee, mkuu alimpa masharti: atatoa kila mtego alioutega, mbele ya askari, na akionekana tena na waya atapelekwa mbele ya sheria. Wako waliosema ilikuwa huruma mno, na wako waliosema ni aibu mno kwa mtu wa umri wake. Yeye mwenyewe alimwomba mchungaji asihudumu kwenye Meza ya Bwana kwa muda. Ushirika ulichanga karo ya binti, nasi tulitoa fungu letu humo bila kutaja jina. Pofu bado huvunja ua.

Alisema alitega mitego 24. Kwa siku tatu tulitembea naye, yeye mbele, askari katikati, sisi nyuma. Alikumbuka kila mti. Alizifungua nyaya kwa vidole vyake mwenyewe, akazihesabu kwa sauti kila alipozitia guniani. Tukiongeza ule wetu wa chini ya godoro na ule wa mtoto wa punda milia, zikawa 23. Tulirudi korongoni. Tukaenda mpaka relini. Mzee alisimama chini ya migunga akigeuka huku na huku, akasema mti ule ulikuwa na tawi lililovunjika, au pengine tawi limekwisha kuanguka.

Tuliondoka mwezi wa Desemba. Kobe sasa yuko nyuma ya nyumba yetu, matairi yamepungua upepo, na kuku mmoja anatagia kitini pa dereva. Mzee hutupigia simu mara kwa mara. Jumamosi akipata nafasi huchukua vijana wawili wa kanisa wakapita katika nyika ile, mti kwa mti, kwa ruhusa ya mkuu wa hifadhi. Wamekwisha kutoa nyaya za watu wengine wengi. Wake wa 24 hawajauona.