Makabati ya Maboksi: Kipi Kitangulie?

(Maneno yaliyosemwa na kundi la maseremala mbele ya wanachama wa Ukunda, Diani na Msambweni)



Tumeombwa tuseme machache juu ya makabati yanayokuja yamelala ndani ya maboksi, ambayo fundi huyaunganisha papo hapo chumbani. Wako wazee kati yetu waliofunzwa kuranda mvule na mbambakofi, na kwao ubao wa unga wa mbao uliobandikwa karatasi si ubao. Hatutaki kubishana nao. Lakini kazi iliyopo ndiyo hiyo. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, mbao zikapanda bei, na maboksi yakazidi kuingia. Mwaka 2023 Rais akatangaza kuwa marufuku imeondolewa, lakini maboksi hayakurudi yalikotoka. Leo katika hoteli na nyumba za wageni kutoka Diani mpaka Msambweni, anayeitwa kutengeneza kabati aghalabu hukuta boksi, mfuko wa skrubu na karatasi ya picha.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Tulikuwa wanne, katika hoteli moja ya ufuoni ambayo jina lake hatulitaji. Kazi ilikuwa makabati kumi na mawili ya kupangwa ukuta mmoja, katika stoo ya shuka na taulo, na malipo ni kwa kabati, si kwa siku. Tulifuata karatasi neno kwa neno. Kila kabati tulilimaliza, tukalitia droo, milango na vitasa, kisha tukashika la pili. Tulipoyasukuma ukutani tukaona kumbe sakafu imeshuka kuelekea mlangoni. Milango ikagongana, mingine ikakataa kufunga. Tukaanza kuyainua tuyatie kabari, mazito hivyo hivyo yalivyo na kila kitu ndani, na mbavu mbili zikapasuka penye tundu za skrubu. Siku mbili zikapotea bure. Nyapara akaandika bei ya mbao mbili, na Jumamosi tukakatwa.

Karatasi haikusema uongo, lakini ilichorwa kwa kabati moja, juu ya sakafu iliyonyooka. Haikujua habari ya kumi na mawili, wala sakafu zetu. Tangu siku ile twafuata utaratibu mwingine, nao ndio tunaotaka kuwaelezeni.

La kwanza si bisibisi. La kwanza ni kufungua maboksi yote mbele ya nyapara au karani wa stoo, kuhesabu kila ubao na kila skrubu, na kuandika. Boksi limetoka bandarini kwa lori, limevuka feri ya Likoni au limepita Dongo Kundu, limeshushwa na vibarua wenye haraka zao. Pembe ikiwa imevunjika humo, imevunjika kwa jina la nani? Ikiwa haikuandikwa asubuhi, jioni itakuwa imevunjwa na fundi. Tena ukikosa kitu kimoja ni heri ujue kabla ya kuanza kuliko kujua kabati limesimama nusu. Mbao zikiisha kuhesabiwa, zilazwe chumbani mle mle juu ya vipande vya mbao, siku moja au mbili ikiwezekana, zizoee hewa. Ubao wa unga wavuta unyevu, na ukilazwa juu ya sakafu iliyopigwa deki hufura ukingoni, wala haurudi tena kama zamani.

La pili ni kupima chumba. Tafuteni mahali sakafu ilipoinuka zaidi kuliko pote, kwa pimamaji refu au kwa mpira wa plastiki uliojaa maji, kama waashi wafanyavyo. Pigeni mstari ukutani kutoka hapo, maana kabati waweza kuliinua kwa kabari au kwa miguu yake ya kuzungusha, lakini huwezi kulizamisha ndani ya saruji. Pimeni na dari pia. Kabati la kimo cha sentimita 236 na kina cha sentimita 58, ukiliunganisha limelala kisha ukalisimamisha, pembe yake hupita juu kiasi cha sentimita 243. Dari ikiwa sentimita 240, kabati lingeenea vizuri, lakini halisimamiki. Hapo budi liunganishwe likiwa wima, na kazi hiyo yataka watu wawili tangu mwanzo, si mtu mmoja na boi wa kumwita baadaye. Semeni hayo kabla ya kukubaliana bei.

La tatu ni miili ya makabati, yaani mbavu, kitako, kichwa na mgongo, bila droo wala milango. Laza ubavu chini juu ya karatasi ya boksi. Ubavu ungali umelala, utie kila kitu kinachotiwa ndani: vijiti vya mbao, vigingi vya chuma, reli za droo, na vile vibati vinavyopokea bawaba. Mkiangalia mtaona tundu ndogo zimepangwa safu mbili, kila moja ya milimita 5, na kutoka moja hadi nyingine ni milimita 32. Kipimo hicho kimeenea duniani, na ndiyo sababu reli ya kiwanda kimoja mara nyingi huingia katika kabati la kiwanda kingine. Seremala akisha kukijua hahitaji kutoboa tundu mpya kila mara. Asiyefunga reli wakati huu atakuja kuzifunga ameingiza kichwa na mabega ndani ya kabati, jasho likimwingia machoni.

Baada ya hapo unganisha kitako na rafu zisizohama, kisha kichwa, kisha ubavu wa pili. Vile vifungo vya duara vya kuzungusha, mshale wake uelekee ukingoni anakoingilia kigingi kabla hujaunganisha, na ukivizungusha vikikaza, basi. Hapa twawasihi vijana waweke kando bisibisi ya umeme, au waipunguze nguvu kabisa. Mvule hustahimili hasira ya fundi, lakini ubao wa unga ukizidishiwa mzunguko mmoja husagika ndani, na skrubu haishiki tena.

Kabla ya mgongo, pima kona kwa kona, halafu kona nyingine kwa kona nyingine. Vipimo vikiwa sawa, kabati liko guni. Visipokuwa sawa, lisukume kidogo mpaka viwe sawa, ndipo upigilie mgongo. Ule ubao mwembamba wa nyuma, ambao wengi huudharau, ndio unaoshika umbo la kabati lote. Ukipigiliwa kwa haraka kabati likiwa limepinda, limepinda milele, na mlango utakusuta kila siku.

Sasa fanyeni miili yote namna hiyo, moja baada ya moja, na msitie mlango hata mmoja. Hata fundi wa jahazi kule Shimoni hasimamishi mlingoti kabla ya kulaza mkuku. Miili mitupu ni myepesi, na watu wawili waigeuza wapendavyo. Kama kuna kona, anzeni na kabati la kona, maana kona haina pa kukimbilia, na mlisimamishe kwa kimo cha ule mstari. Kama hakuna kona, anzeni pale sakafu ilipoinuka. Lipimeni mbele, nyuma na ubavuni mpaka maji yatulie katikati, ndipo mlete la pili. Nyuso za mbavu zikiwa sawasawa, zibaneni pamoja kwa klempu, kisha mzifunge kwa skrubu fupi isiyotokeza upande wa pili. Endeleeni hivyo mpaka mwisho wa ukuta.

Wako wenzetu waonao kuwa yafaa milango itiwe kabla ya kufunga kabati na kabati, ili fundi aione ile nafasi kati ya mlango na mlango. Tumejaribu. Kwa makabati mawili haina neno. Kwa zaidi ya hayo twaona ni kujitwisha mzigo, kwani bawaba hizi zina skrubu za kusogeza mlango juu, chini na kando, na hiyo nafasi hupatikana mwishoni.

Safu ikisha kunyooka, ifungwe ukutani. Hapa tutakawia kidogo, maana ndipo fundi wengi wanapookoa dakika kumi na kuacha hatari ya miaka. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliyarudisha makabati ya droo kiasi cha milioni 29 nchini Marekani pekee, kwa sababu yale yasiyofungwa ukutani yaliweza kuanguka, na watoto walikuwa wamekufa chini yake. Mtoto hufungua droo zote, akazifanya ngazi, na uzito wote ukaja mbele. Mtoto wa Ukunda hupanda kama yule wa Marekani. Na kuta zetu nyingi ni za matofali ya matumbawe, ambayo huvunjika kama mkate mkavu. Skrubu fupi iliyotolewa na kiwanda hushika lipu tu. Tumieni plagi ndefu na skrubu ndefu, mtoboe bila kugongesha mashine, na tundu likilegea mhamie mahali pengine badala ya kulijaza vijiti vya kiberiti. Karibu na bahari skrubu ya chuma kitupu huliwa na chumvi, kwa hiyo mwambieni tajiri mapema anunue zisizoshika kutu. Kadhalika miguu iliyoinuka yafaa kuliko kitako kilichokaa chini, kwa ajili ya maji ya deki na mchwa.

Ndipo sasa droo, kisha rafu za kuhama, na milango mwisho kabisa. Itieni yote kwanza, halafu msawazishe kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Vitasa vifuate. Kazi ya sehemu hii ni rahisi ikiwa yale ya nyuma yalifanywa vema, na ikiwa hayakufanywa hapana bisibisi itakayoyaponya.

Imebaki habari ya zile mbao mbili tulizokatwa. Baadaye tulionyeshwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Tajiri aweza kukata mshahara kwa mali iliyoharibika, lakini kwa kiasi cha haki, na ikiwa uharibifu umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Tena makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara kwa wakati mmoja. Nasi hatukupasua mbao kwa makusudi. Kulipwa kwa kabati hakumwondolei mfanyakazi haki hii, kwani sheria yenyewe yaitambua kazi ya kulipwa kwa kipimo cha kazi. Aliyechukua kandarasi kwa jina lake mwenyewe ni habari nyingine, naye aandikishane na mwenye mali kabla ya kufungua boksi. Sisi hatukudai, kwa kuwa hatukujua, wala hatukuwa na karatasi ya asubuhi yenye sahihi ya mtu. Ndiyo maana tulianza na kuhesabu.

Na anayeumia kidole au mgongo akiinua kabati aseme siku hiyo hiyo, aandikwe. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007 vilevile, yamtaka tajiri awe amewakatia wafanya kazi wake bima. Aliyenyamaza wiki tatu hupata taabu kuthibitisha kuwa aliumia kazini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuwa na kabati moja la boksi hapa ofisini, tulifunge na kulifungua mbele ya wote watakaokuja, na wale wazee wa mvule tunawakaribisha zaidi kuliko wengine. Mwenye pimamaji refu tafadhali aje nalo, maana lile la chama limevunjika.