Njaa ya Utotoni na Kimo cha Mtu Mzima
(Mazungumzo na wazazi katika kituo cha lishe)



Wengi wenu mnauliza: mtoto aliyepata njaa wakati wa kukimbia, je, atakua sawa na wenzake?

Mtoto akikosa chakula, mwili hutumia kidogo kilichopo kulinda uhai kwanza. Mifupa huacha kurefuka au hurefuka polepole. Hali hiyo ikidumu, mtoto huwa mfupi kuliko umri wake. Huko ndiko kudumaa. Kuharisha mara kwa mara huzidisha tatizo.

China ilipata njaa kubwa mwaka 1959 hadi 1961. Wataalamu walikadiria kwamba waliozaliwa mwaka 1959 walipungukiwa kimo ukubwani kwa sentimita 3 hivi.

Kudumaa si kurogwa, wala si aibu ya mama. Tena kunazuilika. Nchini Guatemala, mwaka 1969 hadi 1977, vijiji viwili vilipewa uji wenye protini, na vingine viwili kinywaji kisicho na protini. Watoto walioupata uji kabla ya miaka 3 walirefuka zaidi. Wavulana walioupata wakiwa wadogo hivyo walikuja kupata ujira mkubwa zaidi ukubwani. Walioanza baada ya umri huo hawakupata faida hizo.

Kwa hiyo, muda wa mimba na miaka miwili ya kwanza tusiupoteze:

1. Mjamzito aende kliniki mapema na ale vya kutosha.

2. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6. Kisha aongezewe chakula, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

3. Unga wa lishe aliopewa mtoto ni wake. Tunajua nyumbani wapo wengine wenye njaa, na kwamba kikombe kimoja sokoni hununua sabuni. Lakini sabuni itapatikana mwezi ujao; umri wa mtoto haurudi.

4. Akiharisha, msimwachishe kula wala kunyonya. Mleteni zahanati mapema.

5. Mleteni apimwe kila mwezi, hata akionekana mzima.

Na aliyekwisha kudumaa? Msimcheke, wala msimzuie shule. Alishwe vizuri, bado anaweza kuongezeka. Binti mfupi akija kushika mimba, ajifungulie hospitali, maana nyonga nyembamba huleta uzazi mgumu.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya wa mtaa wake.