Jaji Aliyesema Mwili Uletwe

(Mazungumzo na wanajumuiya wa Sugoi)



Wazee wetu, akina mama na vijana, mliomba tuzungumze juu ya korti. Wengi wetu huku tukisikia korti tunaona faini na jela tu. Tumeona heri tuwaeleze habari za jaji mmoja ambaye kesi yake kubwa ilifika mpaka makaburini hapa Eldoret.

Jaji huyo ni Derek Schofield, Mwingereza. Alikuja Kenya miaka ya 1970 akiwa hakimu, akapanda mpaka Mahakama Kuu. Pengine hata jina lake tusingelijua, kama si mwaka 1987.

Mwaka huo polisi walimshika mtu aitwaye Stephen Mbaraka Karanja. Siku zikapita, nyumbani haonekani. Mke wake hakukaa akilia tu. Alitafuta wakili, wakaiomba Mahakama Kuu iwaamuru polisi wamlete huyo mtu. Ndipo polisi wakasema: huyo amekwisha kufa, alipigwa risasi akijaribu kutoroka, na amezikwa Eldoret. Hebu fikirini mke anasikia hayo kortini.

Jaji Schofield angeweza kufunga faili hapo. Wengi wangefunga, maana zile siku mnazijua zilivyokuwa. Yeye alisema, basi mwili uletwe. Makaburi yakafukuliwa pale Eldoret, maiti zikatolewa, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Karanja. (Na wale wengine waliofukuliwa, nao walikuwa watu wa watu.) Jaji akaendelea kuwabana wakubwa wa polisi mpaka juu kabisa. Hapo Jaji Mkuu wa wakati ule, Cecil Miller, akaingilia, kesi ikaondolewa mikononi mwa Schofield. Akajiuzulu, akaondoka nchini.

Mwaka uliofuata, 1988, Bunge lilibadilisha Katiba, Rais akapata uwezo wa kumfukuza jaji bila ya baraza la uchunguzi. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, baada ya makelele ya mawakili, makanisa na wananchi.

Schofield alifanya kazi Visiwa vya Cayman, halafu mwaka 1996 akawa Jaji Mkuu wa Gibraltar. Huko hakumaliza vizuri. Aliondolewa mwaka 2009 kwa sababu ya mwenendo wake, na majaji walioamua huko London waligawanyika, wanne kwa watatu. Tunalisema hili pia, maana hatukuja kuwaletea mtakatifu. Lakini yeye alisikilizwa, alikuwa na mawakili, na sababu ziliandikwa. Karanja hakupata hata siku moja kortini.

Msiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya Juni, vijana wengi nchini walichukuliwa na watu wasiojulikana, na wazazi wakazunguka vituo vya polisi wakiambiwa hayupo hapa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inasema mtu aliyeshikwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama korti zimefungwa. Na Kifungu cha 25 kinasema haki ya kuomba mtu aletwe mbele ya korti haiwezi kupunguzwa na yeyote. Kwa hivyo mtu wenu akichukuliwa, msiende peke yenu kituoni, nendeni wawili au watatu. Ulizeni kama ameandikwa kwenye OB, mchukue namba. Andikeni saa, mahali, na gari kama lilionekana. Wakikana, msingoje wiki. Mahakama Kuu iko hapa Eldoret.

Mama mmoja ametuuliza kama ni lazima awe na cheti cha ndoa ndipo aombe amri hiyo. Hapana, mama. Mzazi anaweza, ndugu anaweza, hata jirani anaweza kuomba kwa niaba ya mtu ambaye hawezi kujisemea.