Mkataba wa Biashara Usomwe na Wenye Nchi



Mkataba wa biashara baina ya mataifa huzungumzwa na wachache, lakini hufunga wote. Mkulima wa korosho wa Mtwara na mfugaji wa Longido hawamo chumbani wakati wa mazungumzo. Nao ndio watakaoishi na matokeo yake. Kwa hiyo, kuuelewa mkataba si kazi ya wataalamu peke yao. Ni haki ya wenye nchi.

Mkataba wa Ubia wa Uchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya unatoa fundisho. Mazungumzo yake yalikamilika Oktoba 2014. Nchi za Jumuiya zilitakiwa kuondoa ushuru wa forodha, hatua kwa hatua hadi miaka 25, juu ya asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Ulaya. Aidha, mkataba uliweka masharti kwa nchi itakayotaka kutoza ushuru mpya mali ghafi inayokwenda nje.

Maneno hayo ni makavu, lakini maana yake ni nzito. Ushuru wa bidhaa zinazoingia ni kinga ya kiwanda kichanga na ni fedha ya Hazina. Ushuru wa mali ghafi inayotoka ni njia mojawapo ya kuhimiza korosho ibanguliwe na ngozi isindikwe nyumbani.

Kila nchi ilikuwa na hesabu yake. Kenya, isiyo katika kundi la nchi maskini kabisa, ilihofia maua yake kutozwa ushuru Ulaya. Ikatia saini Septemba 2016, pamoja na Rwanda. Tanzania, ambayo bidhaa zake ziliingia Ulaya bila ushuru kwa kuwa imo katika kundi hilo, ilikataa. Novemba mwaka huo Bunge lilijadili suala hilo waziwazi, na kushauri mkataba usitiwe saini.

Mjadala huo ulikuwa wa heri, lakini ulikuja miaka 2 baada ya mazungumzo kwisha. Nchini Kenya, wakulima wadogo walilazimika kwenda mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha. Haki ya kuarifiwa haipaswi kudaiwa kwa kesi.

Wapo wasemao kuwa mjumbe hawezi kupatana bei huku amefunua mfuko wake. Ni kweli: mbinu za majadiliano zaweza kufichwa kwa muda. Lakini kinachotolewa hakiwezi kufichwa kwa mwenye mali.

Septemba 2021 Bunge liliridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, na mikataba mingine itakuja. Kila mmoja utanguliwe, kabla ya saini, na maelezo ya Kiswahili chepesi: nchi inatoa nini, inapata nini, na nani atalipa gharama. Maelezo hayo yafike vijijini na viwandani, yajadiliwe. Mjumbe anayejua kuwa wananchi wameelewa husimama imara mbele ya matajiri wa dunia. Asiye na watu nyuma yake huyumba.