Nani Akuchagulie Unachokisoma?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchuja yale tunayoletewa na mitandao ya kijamii, ili mtu apate mada anazozihitaji na aepukane na asizozihitaji. Wengi hudhani kwamba hili ni jambo la mafundi wa kompyuta. La hasha! Linamhusu kila mwenye simu, na hasa kila mzazi aliyemkabidhi mwanawe simu.

Yatupasa kwanza tufahamu kwamba kuchuja kunafanyika tayari, tupende tusipende. Zamani Twitter na Instagram zilipanga habari kwa wakati: iliyoandikwa mwisho ndiyo iliyoonekana kwanza. Mwaka 2016 zote mbili zikaanza kuzipanga kwa jinsi kompyuta inavyokisia kwamba zitakuvutia. Facebook ilikuwa imekwisha kuitangulia njia hiyo. Hivyo basi, swali lililobaki ni moja tu: nani achuje?

Na huyo mchujaji hupima nini? Mwezi Juni 2020 TikTok yenyewe ilieleza kwamba mtu kuitazama video ndefu toka mwanzo hadi mwisho ni ishara yenye uzito mkubwa. Litazameni jambo hili kwa makini. Mashine haikuulizi ungependa kujifunza nini. Yenyewe hutazama unapokawia. Mwanafunzi aliyeingia kutafuta somo la hisabati akasimama kwa mshangao mbele ya video ya watu wanaopigana, mshangao wake huandikwa kuwa ni mapenzi, na kesho yake huletewa ugomvi mwingine. Hata hasira imepata kuwa na thamani sokoni. Nyaraka za ndani za Facebook zilizofichuliwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba tangu 2017 alama ya uso wenye hasira ilihesabiwa mara tano ya alama ya kupenda. Uzito huo ulipunguzwa baadaye, na ni mwezi Septemba 2020 tu ulipofanywa sifuri.

Sasa, tufanye nini? Vitufe vya kukataa vipo, lakini havilingani nguvu. Mwaka 2022 shirika la Mozilla lilitoa utafiti uliohusisha zaidi ya watumiaji 20,000 wa YouTube. Kitufe cha kusema kwamba video fulani haikuvutii kilizuia takriban asilimia 11 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa, ilhali kile cha kuikataa chaneli nzima kilizuia takriban asilimia 43. Kwa hiyo usipoteze muda kufukuza video mojamoja. Ikatae chaneli inayozileta. Hata hivyo asilimia 43 haijafika nusu, na mzazi asidhani kwamba akishabonyeza amemaliza kazi.

Ipo pia njia ya kuzuia maneno. X, ambayo hadi 2023 iliitwa Twitter, inayo, na TikTok iliitangaza ya kwake mwaka 2022. Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo kazi ya ziada. Chukueni mfano wa kamari, ambayo hivi sasa inawala vijana wetu. Kijana anayetaka kuachana nayo huzuia neno lake la Kiingereza, kisha hushangaa kuona matangazo yaleyale yanarudi. Kichujio mara nyingi hutazama herufi, si maana. Neno letu hubadilika mbele: kubeti, anabeti, tumebeti, wanaobeti. Ukiandika moja, mengine huweza kupita. Basi yaandike yote, pamoja na maneno ya mitaani kama vile mkeka. (Naam, ukilizuia neno hilo, yule mama auzaye mikeka ya ukindu naye atatoweka. Mtafuteni kwa jina lake.) Na yanayosemwa kwa sauti ndani ya video bila kuandikwa yaweza kukiponyoka kichujio kabisa.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kuchuja hujifungia chumbani na sauti yake mwenyewe. Hofu hiyo ina msingi; Mmarekani Eli Pariser aliiandikia kitabu mwaka 2011. Lakini kuzuia kamari si sawa na kumzuia mtu anayepingana nawe kwa hoja. Mimi nashauri mada zichujwe, na mwenye rai tofauti aachwe, hata kama anatuudhi.

Barani Ulaya, tangu 2023, sheria inaitaka mitandao mikubwa kabisa impe mtumiaji angalau njia moja ya kupangiwa habari bila kutumia taarifa zilizokusanywa juu ya mwenendo wake. Sheria hiyo ni ya huko. Lakini Instagram, tangu Machi 2022, inao ukurasa wa wale tu unaowafuata, kwa mpangilio wa wakati, na hauhitaji sheria kuufungua.

Baada ya mkutano vijana wetu wawili watakaa karibu na mlango. Wazee wenye simu wawapelekee, na kila mmoja aje na orodha yake ya maneno, yakiwa yameandikwa kwa sura zake zote.