PAMBA YETU NA VYOMBO VYA MWANGA
(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa Makatibu na Wanachama wa vyama vya msingi, Geita)



Kazi yangu ni kukagua vitabu, mizani na ghala. Leo naomba tukague pia vilivyotupwa nyuma ya ghala: taa za jua zilizokufa pamoja na betri zake. Taa hizo zimetuondolea moshi wa koroboi, nasi twazishukuru. Lakini plastiki yake haiozi, na baadhi ya betri zina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Wataalamu wanatafuta namna ya kutengeneza vyombo vya mwanga kwa mali inayooza au inayoweza kutumika upya. Mwaka 2020 taasisi ya utafiti ya VTT, nchini Ufini, ilitangaza kuwa imetengeneza uzi wa kupitishia mwanga kwa selulosi itokayo katika miti. Uzi huo haufikii ule wa kioo unaopeleka mawasiliano mbali. Umekusudiwa kazi kama kupima unyevu, na ukichakaa huoza.

Ndugu zangu, selulosi si ngeni kwa mkulima wa Geita. Uzi wa pamba ni selulosi kwa kiasi cha asilimia 90 hivi. Manyoya mafupi yanayobaki kwenye mbegu baada ya pamba kuchambuliwa yametumika kutengeneza filamu za picha na fremu za miwani.

Sisemi kwamba mnunuzi wa selulosi atabisha hodi kesho. Nasema kwamba soko lolote la namna hiyo litadai usafi. Uzi wa kiroba cha plastiki ukiingia katika pamba hauozi, wala kiwandani hautoki kwa urahisi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, pamba ivunwe na kuwekwa katika mifuko ya kitambaa cha pamba, na pamba safi itengwe na fifi. Pili, kila chama kitenge mahali pakavu pa kukusanyia taa na betri mbovu. Zisivunjwe wala kuchomwa, na Katibu aziandike daftarini. Tatu, zikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali pekee.

Risasi ikiingia udongoni haiondoki kwa masika moja, na udongo huo ndio tutakaowarithisha watoto wetu.